Mchungwa wa Mutwiri

Mgomba ulifika Jumanne asubuhi, umelazwa nyuma ya pikapu na kufunikwa blanketi la kijivu. Timau hakuna migomba, baridi ya mlima haiitaki. Huu ulikatwa kule chini, upande wa Nkubu, ukapimwa kwa kamba yenye mafundo mawili, fundo la kisigino na fundo la utosi. Kipimo hicho Mzee Mwongera alikitoa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni ya Gatakaa, mahali ambapo kijana wake Mutwiri alisimamishwa kila Krismasi achorwe alama ya penseli juu ya kichwa. Alama ya mwisho ilikuwa mita moja na sentimita sabini na nne. Hakuna aliyemtuma Mwongera apime sawasawa hivyo, ila yeye ni seremala, na seremala hajui kukisia.

"Muga, mama Mutwiri," akasema akishuka.

Gatakaa alikuwa mlangoni, kikombe cha bati mkononi. Mwongera ni shemeji yake, ndugu mkubwa wa marehemu mumewe, na katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima salamu. Siku hiyo alimnyima.

"Umeleta nini kwangu?"

"Unajua nimeleta nini. Miaka saba iliisha juzi."

"Na neno langu?"

"Neno lako liko. Nionyeshe huo mti."

Akamwonyesha. Ulikuwa kando ya ukuta unaopata jua, ndani ya ndoo kuukuu ya rangi ya lita ishirini, na machipukizi yake yalikuwa marefu kama mkono wa mtu, kijani kibichi kinachong'aa. Mwongera aliuzunguka mara mbili. Alinyoosha kidole aguse jani, kisha akakirudisha mfukoni.

"Haya," akasema. "Ahadi ni deni. Lakini huu mgomba siurudishi. Nimetoka nao Nkubu mpaka hapa, watu kwa barabara wananivulia kofia wakidhani ni maiti. Utakaa nyuma ya jikoni. Jumamosi wazee wanakuja, waone mti na macho yao. Wakiridhika, mgomba tutapea ng'ombe."

Wakaushusha yeye na dereva, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Ndivyo walivyosema wenyewe, kichwani na miguuni, na hakuna aliyecheka.

Sasa, Gatakaa si mtu wa kutishwa na miti. Ana miaka sitini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza katika shamba la maua, ndani ya grinhausi za plastiki, mkasi mkononi na mgongo umepinda mpaka ukakataa kunyooka. Alijua jambo ambalo wanunuzi wa waridi hawalijui, kwamba kila waridi la kuuzwa ni miti miwili. Juu ni lile zuri lenye jina na bei. Chini ni mizizi ya waridi la mwituni, kitu kigumu kisichojali baridi wala ugonjwa. Vimeunganishwa kwenye kifundo, na kifundo kikishapona mtu husahau kuna mwitu pale chini. Mwitu hausahau. Kila ukipata nafasi hutoa chipukizi lake chini ya kifundo, na wafanyakazi huliita saka. Saka lisipokatwa hunyonya kila kitu mpaka ua la juu linakufa, na wewe unabaki kumwagilia mwiba. Kazi ya Gatakaa ilikuwa kukata saka. Supavaiza alikuwa akisema mama huyu analisikia likichipuka kabla halijaonekana.

Mchungwa aliuleta Mutwiri, mwanawe wa pekee, kutoka Embu alikopeleka viazi. "Ni wa grafti, mama, kama maua yenu," alimwambia. "Juu chungwa, chini limau ya msituni." Majirani walicheka. Mchungwa, Timau! Kwa nini asipande na minazi? Mutwiri akautia katika ndoo ya rangi, na kila asubuhi akautoa juani, na kila jioni akaurudisha jikoni karibu na meko. Alifanya hivyo hata baada ya kumwoa Karwirwa, naye Karwirwa akawa anamtania kwamba ana mke mwenza asiyejua kutembea. Mwaka wa nne ulizaa machungwa matano. Waliyakata vipande vidogo kila mtu aonje.

Juni ya elfu mbili na kumi na nane Mutwiri alipakia lori viazi, akaelekea kaskazini, njia ya Moyale, peke yake. Lori lilipatikana siku ya tisa, mbele ya Laisamis, limeegeshwa vizuri kando ya barabara. Milango ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa juu ya gurudumu la mbele, mahali alipozoea kuuweka akiwa nyumbani kwao, na mahali pengine popote hakuwahi kufanya hivyo. Viazi havikuguswa hata kimoja. Vilikuwa vimeanza kuchipua, na machipukizi meupe yalitokeza kwenye matundu ya magunia. Polisi waliandika, wakatafuta, wakaandika tena. Nyayo hazikuonekana za kwenda wala za kurudi. Mambo ya wezi watu huyazoea. Hili la viazi visivyoibwa ndilo lililowanyamazisha watu wa Timau.

Gatakaa hakulia. Alichukua kikombe cha bati cha Mutwiri, akachota maji, akamwagilia mchungwa. Kesho yake akamwagilia tena. Ikawa kila akimkumbuka anachota kikombe, na mama mwenye mwana mmoja humkumbuka mara ngapi kwa siku? Majivu ya meko akaongeza, maana ndivyo mama yake alivyofanya kwa mboga. Mwanamke aliyekuwa akiwakemea wenzake kazini kwa kumwagilia waridi kupita kiasi akauzamisha mchungwa wa mwanawe kwa miaka saba, kikombe kwa kikombe. Mganga hajigangi. Na alianza kuuita kwa jina. Mwanzoni kwa siri, baadaye mbele ya wageni, na wageni nao, kwa adabu au kwa woga, wakaanza kuusalimu mti kabla ya kuketi.

Karwirwa hakuondoka. Hakuwa na mtoto, alikuwa na miaka ishirini na sita mumewe alipopotea, na kila mtu alitarajia arudi kwao. Alibaki akimtafutia mama mkwe kuni, naye akaingia kazi kwenye grinhausi zile zile. Miaka miwili iliyopita alijitokeza Gedion, dereva wa trekta katika mashamba ya ngano, Mwembu mpole anayevua viatu mlangoni. Karwirwa hakumjibu ndiyo wala hapana. Angejibu nini? Alikuwa mke wa nani?

Swali hilo Mwongera aliliuliza waziwazi Januari, ukoo ulipoketi. "Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," alianza, na watu wakadhani atasema habari za shamba. Hakusema. "Mimi sitaki shamba yake. Nataka kujua huyu msichana ni mke ama ni mjane. Wazee wetu mtu akipotea hivi walikuwa wanazika mgomba badala yake, roho ipate mahali ya kulala, na walio hai waendelee. Miaka saba inafika Juni. Tuzike."

Gatakaa alisimama. Hasira yake ilikuwa ya kweli kama njaa. "Mwanangu hajafa. Huu mti ni wake, aliupanda na mkono yake, na uko hai. Siku utakauka, mimi mwenyewe nitachukua jembe. Kabla ya hapo, mtu asiniletee mgomba hapa."

Neno likapokelewa. Na kuanzia asubuhi iliyofuata mchungwa ukaanza kupukutisha majani. Haikuwa kwa upepo wala kwa haraka. Jani moja kila alfajiri, lilianguka upande ule ule wa ndoo, upande wa mlango, limegeuza uso juu. Kuku waliokuwa wakilala karibu na meko walihamia kwenye kuni. Gatakaa aliyaokota majani yale akayaweka ndani ya Biblia, na hakumwambia mtu.

Wiki ya Pasaka mti ukachanua. Ulikuwa umebaki na majani kumi na manne, lakini maua yalijaa kila tawi, meupe, mengi kuliko mwaka wowote, na harufu yake ikafika barabarani. Akina mama wa kanisa walikuja wakaimba. Phyllis wa kwaya alisema ni ishara, Mutwiri yuko njiani. Gatakaa aliimba nao. Lakini jioni, wote walipokwisha kwenda, alimkuta Karwirwa amesimama mbele ya ndoo, mikono kifuani, na wakaangaliana wanawake wawili wa grinhausi ambao wote wanajua waridi likitaka kufa huchanua kwanza. Siku ya nane maua yote yalikuwa sakafuni.

Hapo ndipo Gatakaa alipokumbuka kazi yake. Aliulaza mti juu ya gunia, akaung'oa kwenye ndoo. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, inanuka kama kinamasi. Aliikata yote iliyooza mpaka akafikia myeupe, akaitoboa ndoo kwa msumari wa moto, akachanganya mchanga, udongo wa msituni na samadi kuukuu ya mbuzi, akaupanda upya na kuufunika kwa kipande cha plastiki ya grinhausi. Kisha kwa ukucha wa kidole gumba akakwaruza gome, kama anavyofanya mtu anayetafuta uhai. Juu kabisa, kahawia. Akashuka. Kahawia. Kwenye matawi ya machungwa yale matano, kahawia, kavu. Akashuka mpaka kwenye kifundo, na juu yake tu bado ilikuwa kahawia. Alifunga macho. Akakwaruza chini ya kifundo, upana wa kidole kimoja, na palikuwa kijani, pamelowa, pazima kabisa.

Alikaa chini sakafuni mpaka chai ikapoa. Mchungwa ulikuwa umekufa. Limau la mwituni lilikuwa hai na lilikuwa linasubiri nafasi.

Angeweza kusema siku hiyo. Alichofanya ni kuukata mchungwa mkavu juu kidogo ya kifundo, akaufunga katika shati la Mutwiri la bluu, akauficha nyuma ya kabati. Mwishoni mwa Aprili saka la kwanza lilichomoza. Mikono yake iliinuka yenyewe kulivunja, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, naye akaishika mmoja kwa mwingine mpaka ikatulia. Akalimwagilia, safari hii kwa kiasi. Likapanda haraka, haraka ya kutisha, na yakafuata mengine matatu, yenye miiba mirefu kuliko sindano ya gunia. Majani yake yakisuguliwa yalinuka limau. Gatakaa hakumruhusu mtu ayasugue.

"Mutwiri amerudi," watu walisema wakipita, na walimaanisha mti, na walimaanisha kitu kingine pia. Gatakaa akaanza kula vizuri. Ila kuna jambo ambalo hakumweleza mtu. Alipouita mti kwa jina asubuhi, sasa alihisi unamsikiliza. Ule wa zamani haukuwahi kusikiliza, ulikuwa mti tu. Huu, akiita "Mutwiri," ulitulia, hata kama upepo ulikuwa unautikisa. Naye alianza kuita kwa sauti ya chini, kisha akaacha kuita kabisa, kwa kuwa aliogopa kuitikiwa na asiyemjua.

Basi, hiyo ndiyo ndoo ambayo Mwongera aliizunguka mara mbili Jumanne ile.

Jumatano Gatakaa alikwenda nyuma ya jikoni kuanika nguo, akaona blanketi limesogea. Alidhani ni mbuzi. Alilifunua. Mgomba uliokatwa Nkubu kwa kipimo cha seremala ulikuwa umeongezeka. Moyo wake, ile sehemu laini ya katikati, ulikuwa umejisukuma nje kwenye kichwa, mweupe, urefu wa vidole vinne. Ni tabia ya mgomba, mtu yeyote wa Nkubu angemweleza, hukatwa leo na kesho ukaendelea kukua kwa maji yaliyobaki ndani. Lakini Gatakaa ni mtu wa Timau. Alhamisi ulikuwa umefika shibiri moja, na ncha ilikuwa inajifungua kuwa jani. Alilivuta blanketi kufunika kichwa, miguu ikabaki wazi. Akavuta kufunika miguu, kichwa kikabaki wazi. Alirudi ndani akaketi katikati ya jikoni. Upande mmoja kulikuwa na mti alioambia watu ni mwanawe, na nyuma ya ukuta wa pili, nje, mgomba ambao wengine walisema ni mwanawe, na vyote viwili vilikuwa vinakua. Hofu yake ilikuwa kubwa hivi kwamba alitamani kucheka.

Ijumaa saa tisa Karwirwa alitoka kazini mapema. Aliingia jikoni na overoli yake, akaweka mkasi wa waridi juu ya meza.

"Mama, nataka tuongee."

"Ni Gedion."

"Gedion amepata kazi kwao Embu. Anaenda Jumapili. Ameniuliza mara ya mwisho." "Lakini si hiyo. Kesho wazee wanakuja kuangalia mti. Mama, hiyo ni saka."

Moto kwenye meko ulipasuka kidogo. Gatakaa alitazama kikombe cha bati.

"Umejua lini?"

"Tangu majani mawili ya kwanza. Si mimi pia niko kwa maua? Ulifikiri sijaona imetokea chini ya kifundo?"

"Na hukusema."

"Ukienda kanisa nilikuwa naimwagia maji. Nilitoa hata wadudu na sabuni." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kabla ya hiyo saka ulikuwa umekataa kula, mama. Nilikuwa nakuskia usiku, hata kukohoa huwezi. Halafu ikatokea, ukaomba uji. Ningesema nini? Nikasema wacha ikae. Hata kama ni uongo, wacha ikae, mama akule."

Miezi miwili Gatakaa alidhani anamlinda mwanawe peke yake dhidi ya ukoo mzima, na kumbe kulikuwa na mwanamke mwingine ndani ya nyumba ile ile aliyekuwa anamlinda yeye, kwa uongo ule ule, kwa maji yale yale. Na mwanamke huyo alikuwa amefikisha miaka thelathini na mitatu akisubiri ruhusa ya kuishi.

"Gedion anavua viatu mlangoni," Gatakaa akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ni malezi." Akainuka, akaenda nyuma ya kabati, akatoa shati la bluu, akalifungua juu ya meza. Karwirwa alipoona kile kijiti kikavu alikigusa kwa ncha za vidole, mahali palipozaa yale machungwa matano, akainama akakilazia shavu. Gatakaa akamwekea mkono kichwani, akalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia tangu lori lile. La kuvunda halina ubani, na hili lilikuwa limekaa sana.

Jumamosi wazee sita walikuja na kofia zao. Walikuta mti umesimama uani, kijani, na Mwongera akaanza kusema kwamba ukoo unaheshimu neno. Gatakaa alichuma jani moja, akalisugua, akamwekea puani.

"Nusa."

Mwongera akanusa. Ni seremala, anajua miti. Alimtazama shemejiye muda mrefu, na uso wake ukalegea.

"Limau," akasema polepole. "Pole, mama Mutwiri. Pole sana."

"Nipe jembe."

Alichimba mwenyewe, mapigo matatu ya kwanza, kama alivyoahidi, kisha mgongo ukakataa na wanaume wakaendelea. Walipoubeba mgomba, jani lililochomoza kichwani lilikuwa limefunguka wazi, na Mwongera akauliza kama alikate, kwa kuwa shimo lilikuwa la kipimo. Gatakaa akasema hapana, ongezeni shimo. Mtoto akikua si nguo ndiyo inaongezwa? Wakaongeza. Juu ya blanketi, mahali pa kifua, aliweka shati la bluu na kilichokuwa ndani yake. Mchungaji alisimama mbali kidogo, akaomba kwa ajili ya wote waliosafiri, hakutaja mgomba, na hakuna aliyemlaumu.

Jumapili Gedion alikuja na gari la kukodi. Karwirwa aliketi mbele, ndoo ya rangi katikati ya magoti yake, miiba imefungwa kwa leso isimdunge. Gatakaa mwenyewe ndiye aliyempa. "Embu kuna joto," alimwambia. "Itawapatia limau za chai. Usiipatie jina."

Jioni jua lilipoingia nyuma ya mashamba ya ngano, alifungia kuku jikoni, akawasha moto. Kisha akachukua kikombe cha bati, akachota maji, akaenda nacho mpaka kando ya meko bila kufikiri. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na duara tu sakafuni, alama ya ndoo ya miaka yote ile, na ndani ya duara saruji ilikuwa kavu. Harufu ya maua ya mchungwa ilijaa jikoni yote, tamu, nzito, kama ya wiki ya Pasaka. Kuku walirudi wenyewe kutoka kwenye kuni wakalala karibu na moto.

Gatakaa alisimama pale akisubiri harufu ipite. Haikupita. Akakiinua kikombe cha mwanawe, akayanywa maji yeye.